MREJESHO: Ile kontrola ya zamani ya breki za trela nimeshaing'oa

Wakuu, ile Ford F-250 ya 1974 niliyonunua huku Texas, niliyowauliza kama naweza kukata tu kale kapaipu kanakotoka masta silinda (pampu ya mafuta ya breki inayosukumwa na pedeli) kwenda kwenye kontrola ya trela (kifaa kinachoamrisha breki za trela zishike) chini ya dashibodi nikakakunja ikaisha, asanteni kwa kunizuia maana ningeua mtu.

Ishu ni kwamba hizi za kizamani zinasukumwa na presha ya mafuta ya breki za gari lenyewe, kwa hiyo kapaipu kakivuja na pedeli inazama. Na yangu ilikuwa inavuja kweli, kapeti chini lilikuwa limelowa mimi nikadhani ni maji ya mvua 😅

Nilichofanya nimetoa ile tii yote (kiungo cha njia tatu kilichogawa mafuta kwenda kwenye kontrola) pale masta silinda, nikarudisha paipu mpya nzima ya chuma yenye nati za saizi yake, sikuziba kitu. Nati moja ilikuwa imeshikana na kutu, nikapulizia dawa ya kulegeza kutu nikaacha usiku kucha, asubuhi spana ya paipu ikaitoa. Kisha tukatoa upepo kwenye paipu za breki, wife akiwa kwenye pedeli, tukaanza na breki ya tairi la nyuma kulia. Raundi ya kwanza bado pedeli laini, ya pili ikawa ngumu safi.

Mafuta yalidondokea fenda rangi ikabanduka, mwagieni maji haraka.

Trela nimefunga kontrola ya umeme, waya nne tu, haigusi mafuta kabisa.