Wakuu, nachanganyaje mahindi na soya nipate protini 16%?

Mleta uzi: Habari zenu wakuu. Nafuga kuku wa mayai, bei ya chakula cha dukani imenishinda, nataka nichanganye mwenyewe. Nina mahindi yaliyoparazwa (protini 9%) na mashudu ya soya (44%). Nataka kilo 100 zenye protini 16%. Jirani kaniambia nipige nusu kwa nusu. Binti yangu wa kidato cha pili anasema hiyo ni hesabu ya x na y, ila kaishia njiani. Naombeni msaada.

Ticha Mstaafu: Nusu kwa nusu inakupa 26.5%. Protini ya ziada kuku anaitoa kwenye kinyesi, na soya ndiyo ghali. Msikilize binti.

Huenda alikwama kwa kuwa na mlinganyo mmoja tu. Mahindi yawe x, soya y. Jumla ya kilo: x + y = 100. Sasa hesabu protini peke yake, nayo kwa kilo, kwa sababu asilimia hazijumlishwi hivi hivi: 0.09x + 0.44y = 16. Zidisha kwa 100 uondoe desimali: 9x + 44y = 1600. Ule wa kwanza uzidishe kwa 9: 9x + 9y = 900. Toa: 35y = 700. Soya kilo 20, mahindi 80. Hakiki: 7.2 + 8.8 = 16.

Banda la Nyuma: Sisi wa mraba wa Pearson (njia ya mkato ya kuchanganya viungo viwili) hatuna x wala y 😀 Tofauti ya soya na 16 inakuwa sehemu za mahindi, ya mahindi inakuwa za soya: 44 − 16 = 28, 16 − 9 = 7. Mahindi 28 kwa soya 7, yaani 4 kwa 1. Jibu lile lile.

Ticha Mstaafu: Ndio mlinganyo huo huo, umefupishwa tu. Ila viungo vikizidi viwili mraba unaanza kukusumbua.

Mama Mayai: Mkuu, usikimbilie kuchanganya. Kuku wa mayai bila chokaa atakutagia mayai ya ganda laini. Chokaa, mifupa, premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) na chumvi zitengee kilo 10, hazina protini ya kuhesabu. Kwa hiyo x + y = 90, lakini 1600 inabaki pale pale. Soya inapanda hadi 22.6, mahindi 67.4.

Mleta uzi: Shukrani sana wakuu. Na nikitia dagaa?

Ticha Mstaafu: Hapo inaingia z, na milinganyo miwili haitoshi. Amua mwenyewe kilo za dagaa. Tuseme 5, zenye protini 55%: tayari una 275 kati ya 1600. Zinabaki x + y = 85 na 9x + 44y = 1325. Soya 16, mahindi 69. Linganisha bei: kilo 5 za dagaa zimeokoa kilo 6.6 za soya, mahindi yameongezeka 1.6.

Mama Mayai: Dagaa wachekeche kwanza. Wakiwa na mchanga, hiyo 55 haipo. Na usizidishe, mayai yatanuka samaki.