MREJESHO: Ile gari ya kukodi Mtwara na dhamana yangu

Wakuu mimi ndo yule niliyeuliza kama mwenye gari ana haki ya kunikata dhamana yangu laki mbili kisa mkwaruzo wa bampa ambao niliukuta. Sasa sikilizeni, kabla sijarudisha si nikajifanya mjanja nikaipeleka Msimbati, ukishapita Madimba kwenye mitambo ya gesi unaona njia safi tu, kufika ufukweni hako kagari, ka-Toyota IST, kakazama mchangani mpaka tumboni na maji ndo yanajaa! Vijana wavuvi wakapunguza upepo tairi za mbele, wakatandika makuti, sukuma sukuma ikatoka, nikawapa elfu ishirini. Kurudi pancha, fungua buti spea nayo haina upepo, jeki hakuna.

Aliyenishauri nitafute picha ubarikiwe, nilikuta video niliyomtumia mke wangu siku naichukua, mkwaruzo unaonekana kabisa. Mwenye gari kaiangalia mara mbili, kakuna kichwa, karudisha laki na themanini, ishirini kasema ya kuosha mchanga. Hiyo sikubisha, mchanga ulikuwa hadi kwenye redio.