Mada: Tathmini ya shahada ya ZAB imedaiwa, kazi Ujerumani inaanza 1 Machi – msaada wa haraka

Zuhura, Leipzig

Wanajamvi habari zenu, wakubwa shikamooni.

Mdogo wangu yuko Dar. Shahada ya uhandisi wa umeme, chuo binafsi. Mkataba anao, ameomba Blue Card (kibali cha Ujerumani cha kazi kwa wenye shahada), mshahara yuro 47,200 kwa mwaka. Ombi liko kwenye portal ya viza tangu Novemba. Jana wamemrudishia na mstari mmoja tu: alete Zeugnisbewertung, yaani tathmini ya shahada kutoka ZAB, ofisi ya Ujerumani inayopima vyeti vya nje. Chuo chake kwenye anabin, orodha ya mtandaoni ya vyuo na shahada za nje, kina alama ya H+/-. Kazi inaanza 1 Machi, na ZAB sidhani kama itawahi.

Swali langu ni moja: tarehe ya kuanza ikisogezwa, mwajiri aandike barua ya nyongeza, au mkataba na EzB (fomu ya mwajiri ya maelezo ya kazi) vyote vitolewe upya?

Baba Neema, Hamburg

Pole dada. Hili linawakuta wengi kwa sababu mtu akiona jina la chuo chake limo anabin anadhani kamaliza. Kuwemo si hoja. H+ maana yake chuo kinatambulika. H- hakitambuliki. H+/- maana yake shahada nyingine za chuo hicho zinakubalika na nyingine hapana, kwa hiyo kila moja inapimwa peke yake, na anayepima ni ZAB kule Bonn. Ukiwa na H+/- usipoteze muda kuprinti ukurasa wa anabin, omba ZAB hata kabla mkataba haujasainiwa.

Ombi ni la mtandaoni. Cheti cha shahada pamoja na transkripti, skani za rangi, kila ukurasa hadi wa nyuma wenye mihuri. Ada yuro 200 na kitu. Mwenye mkataba wa Blue Card apakie na mkataba wenyewe, faili lake linapewa kipaumbele. Lakini saa haianzi kuhesabiwa siku uliyotuma. Inaanza karatasi zote zikishafika na ada ikishaonekana.

Mwalimu Kombo, Bremen

Baba Neema, "200 na kitu" si jibu. Ni 208. Cheti cha pili cha mtu huyohuyo 104. Mtu akituma 200 faili linalala.

Halafu umeeleza nusu. Hata chuo chenye H+ hakitoshi. Anabin ina milango miwili: chuo, kisha shahada yenyewe. Shahada lazima isomeke "entspricht" (inalingana) au "gleichwertig" (ina hadhi sawa). Ikisoma "bedingt vergleichbar" (inalingana kwa kiasi tu) umerudi palepale kwa ZAB. Na jina la shahada kwenye cheti lifanane na lile la anabin. Cheti kikisema Electrical Engineering na anabin ikasema Electrical and Electronics Engineering, ofisa hana wajibu wa kukukisia.

Zuhura, kuna jambo umelipita mbio. 47,200 haifiki kiwango cha kawaida. Mwaka huu 2026 kiwango ni 50,700. Mdogo wako anapita kwa mlango wa fani zenye uhaba, ambako kiwango ni 45,934.20, na wahandisi wamo. Ila mlango huo unahitaji idhini ya BA, wakala wa ajira wa serikali, wakati mlango wa 50,700 hauihitaji. Ndiyo maana EzB yake inasomwa neno kwa neno. Makosa ya kila siku ni haya: mwajiri anajaza mshahara wa mwezi kwenye mkataba na wa mwaka kwenye EzB, hesabu hazilingani, anahesabu bonasi isiyo na uhakika ndani ya mshahara, BA wanaiondoa na mtu anashuka chini ya kiwango, saa za wiki mkataba unasema 40, EzB inasema 38. Bonasi inahesabika pale tu mkataba unapoihakikisha.

Farida, Stuttgart

Mwalimu asante, ila hizo namba hubadilika kila Januari, kwa hiyo anayesoma hapa mwakani asizibebe. Zinatokana na kikomo cha mshahara unaokatwa michango ya pensheni: asilimia 50 kwa kawaida, 45.3 kwa fani zenye uhaba na waliohitimu ndani ya miaka 3. Mwaka jana zilikuwa 48,300 na 43,759.80. Mkataba uliokaa ukingoni mwa mwaka jana, mwaka huu umezama. Mwambieni mwajiri aache nafasi kidogo juu ya mstari.

Kwa wanaoanza sasa: mwajiri akikubali, tumieni njia ya haraka ya kifungu 81a cha sheria ya ukaazi. Unampa mwajiri Vollmacht (barua ya uwakilishi), yeye anakwenda Ausländerbehörde (ofisi ya wageni) ya mji wake, analipa 411, na wao ndio wanafuatilia BA na utambuzi wa cheti. Vorabzustimmung, yaani idhini ya awali, ikitoka, ubalozi unatakiwa kutoa miadi ndani ya wiki 3 na uamuzi ndani ya wiki 3 nyingine. Ada ya viza, yuro 75, iko palepale. Si bei ndogo, lakini mwajiri anayelia kwamba hana mtu anailipa.

Mama Achieng, Köln

Hamjambo. Niongeze ya manesi, maana vijana wa huku kwetu Kenya wanadhani mkataba ule wa uhamiaji wa Kenya na Ujerumani wa Septemba 2024, Ruto na Scholz pale Berlin, umefuta masharti. Haujafuta hata moja. Zile kazi 250,000 zilizotangazwa redioni, wizara ya mambo ya ndani ya Ujerumani yenyewe ilikanusha kwamba kuna idadi yoyote kwenye mkataba.

Nesi haendi ZAB. Kazi yake inahitaji kibali cha taaluma, na kibali ni cha jimbo. Unapeleka cheti, transkripti yenye saa za darasani na za wodini, leseni ya baraza la wauguzi, barua za kazi. Wakikuta pengo wanakuandikia Defizitbescheid (barua ya mapungufu), na hiyo ndiyo karatasi inayokuletea viza ya kifungu 16d, ya kuja kukamilisha utambuzi wa cheti. Ukifika unachagua: Kenntnisprüfung (mtihani) au Anpassungslehrgang (mafunzo ya kuziba pengo). Kijerumani cha ngazi ya B2 hakikwepeki mwisho wa safari. Saa za wodini ndizo zinazoangusha wengi. Transkripti ya chuo ikiandika tu "clinical placement" bila idadi ya saa, jimbo linahesabu sifuri. Rudi chuoni wakuandikie idadi, kwa idara na kwa mwaka.

Baba Neema, Hamburg

Mama Achieng umesema kweli. Na yeye atakuja kwa kifungu 18b au 18a?

Mwalimu Kombo, Bremen

Nani, Zuhura au nesi? Mdogo wake Zuhura ni Blue Card, na Blue Card si 18b tena. Tangu 18 Novemba 2023 ni 18g. 18b imebaki kwa wenye shahada wasiofika mshahara wa Blue Card, 18a ni wenye ufundi. Wanaokuja kwa 18a au 18b wakiwa wamepita miaka 45 wana kiwango chao cha mshahara, 55,770 mwaka huu, au waonyeshe pensheni ya kutosha. Tafadhali tusichanganye vifungu, watu wananakili haya na kuyabandika kwenye portal.

Salum, Berlin

Wakuu, na ikikataliwa msimwambie mtu aandike Remonstration, ile barua ya kupinga uamuzi kwa ubalozi. Ilifutwa 1 Julai 2025. Sasa ni kuomba upya au kufungua kesi mahakama ya utawala hapa Berlin.

Nyie mnahangaika na kuingia, mie nawaza kutoka. Wajerumani tangu 27 Juni 2024 wanakuachia pasi zako zote mbili. Ni sisi Watanzania tunaoambiwa uchague. Mkenya anachukua ya Kijerumani na ya kwao anabaki nayo tangu katiba ya 2010, sisi tunapewa maneno matamu kila uchaguzi.

Mama Achieng, Köln

Salum, pole jirani. Hamia Kenya basi.

Farida, Stuttgart

Siasa kando jamani. Zuhura, tarehe ikisogezwa, bima nayo isogezwe. Bima ya afya ya serikali inaanza siku ya kwanza ya kazi. Kutoka siku ya kutua hadi siku hiyo anahitaji bima ya safari ya angalau yuro 30,000. Akitua 20 Februari na kazi ikahamia 1 Aprili, ile aliyokata ya siku kumi haitoshi, na pengo la tarehe wanaliona haraka kuliko kosa lolote. Akifika, Anmeldung (kusajili makazi) ndani ya wiki 2 tangu ahamie, na bila Wohnungsgeberbestätigung, barua ya uthibitisho ya mwenye nyumba, hawamsajili.

Na akija aniletee embe dodo!

Salum, Berlin

Embe watamnyang'anya forodha. Matunda kutoka nje ya Umoja wa Ulaya yanataka cheti cha afya ya mimea, isipokuwa matano: nanasi, ndizi, nazi, tende na durian. Nazi alete. Nyama na maziwa hapana kabisa, hata samli ya bibi.

Baba Neema, Hamburg

Dagaa je?

Salum, Berlin

Samaki ruksa hadi kilo 20. Dagaa wa Mwanza wakaushwe vizuri, wafungwe mara mbili, la sivyo sanduku zima la nguo litakuwa na habari.

Zuhura, Leipzig

Asanteni wote. ZAB imetumwa leo na 208 imelipwa, EzB tumeikagua na kweli saa zilikuwa hazilingani. Nazi nitamwagiza.

Barua ya nyongeza, au mkataba upya?

Mwalimu Kombo, Bremen

Salum, kilo 20 ni kwa mtu mmoja, si kwa familia. Sema vizuri.