Andika king'amuzi kwenye kisanduku cha kutafuta uone maajabu, halafu wanakwambia kosa ni la mteja

Wakuu habari zenu. Nimevumilia miezi mitatu na nimechoka, naomba nimwage hapa labda atapita anayehusika. Mimi nauza ving'amuzi, rimoti, madishi na LNB (kile kichwa cha dishi kinachonasa mawimbi) kwenye saiti moja ya maduka ya mtandaoni hapa Dar, jina siliweki, nalipa 30,000 kila mwezi ili duka langu lionekane.

Sasa wateja wakawa wananipigia, bosi mbona dukani kwako hamna kitu. Mwanzo nikadhani hawajui kutafuta. Nikachukua simu yangu nikaandika king'amuzi, ikaja "hakuna bidhaa". Nikaenda kwa jirani wa steshenari nikaandika neno lile lile kwenye kompyuta yake, safari hii ukurasa wote ukawa mweupe na mstari wa Kiingereza juu, kwamba kuna kosa la sintaksi ya SQL (lugha ya kuamrisha databesi) karibu na "amuzi". Nina ving'amuzi 14 humo ndani na kwa kutafuta hakuna njia ya kuvipata!

Nikawapigia kastama kea. Wa kwanza akasema futa kashe, nikafuta. Wa pili badilisha brauza, nikabadilisha. Wa tatu intaneti yako iko slow. Wa nne, dada mmoja, ananiambia kaka we andika dikoda tu, hiyo alama ya juu iache. Hapo ndo nilipandwa na hasira kabisa, yaani saiti ya Watanzania, wauzaji Watanzania, wanunuzi Watanzania, halafu naambiwa niache Kiswahili ili mashine yao ipumue? Ile ritifaa, yaani hiyo alama ya juu, siyo pambo jamani, kung'oa jino na kulilia ngoa ni vitu viwili tofauti. Na siyo mimi peke yangu, mteja wangu wa Chang'ombe fomu ya anuani ilimkatalia mtaa wake eti "herufi haziruhusiwi", na ina maana wa Mang'ola na wa Nyang'hwale nao wanakataliwa vilevile, mtu anaambiwa kwao kumekosewa.

Kilichonifungua macho ni meseji. Kila mtu akiweka oda anapata SMS, mteja akanitumia skrinishoti akiuliza kama ni matapeli, imeandikwa "Oda yako ya King'amuzi imepokelewa". Nikakaa nikaitazama ile 039. Nikarudi kwenye kisanduku chao nikaandika 039 peke yake nikabonyeza, aisee, ving'amuzi vyangu vyote 14 vikatoka! Na mashine za kukamulia ng'ombe za muuzaji mwingine, na vitu vya kung'arisha viatu, kila chenye ng' kikajileta.

Nikakaa na dogo mmoja anayesoma mambo ya programu tukachimba, na matatizo ni matatu yamebebana. La kwanza, bidhaa ikisajiliwa wanaigeuza ile alama kuwa msimbo wa HTML (lugha ya kuandikia kurasa za mtandao) kabla ya kuihifadhi, wakati kazi hiyo inatakiwa ifanyike pale tu ukurasa unapoonyeshwa, kwa hiyo kwenye databesi hakuna neno king'amuzi, kuna lile dude lenye 039, na SMS haisomi HTML ndo maana inalimwaga lilivyo. La pili ni simu. Kibodi za baadhi ya simu zinaweka alama iliyopinda badala ya iliyonyooka, kwenye iPhone ilikuja na iOS 11 mwaka 2017, na ukitazama anuani juu ya brauza utaona iliyonyooka inakwenda kama %27 na iliyopinda inakwenda kama %E2%80%99, kwa kompyuta hizo ni herufi mbili zisizojuana. Dawa yake ni kuzigeuza zote ziwe moja, kwenye neno la mteja na kwenye jina la bidhaa pia, na aliyeandika kingamuzi bila alama naye apate. Hiyo ni kazi ya siku moja.

La tatu ndo linanitisha. Ule ukurasa mweupe maana yake neno la mteja linabandikwa moja kwa moja ndani ya amri ya SQL, alama ya juu inafunga sentensi mapema na kinachobaki kinasomwa kama amri. Leo kilichobaki ni "amuzi" inaleta kosa, kesho mtu mbaya ataandika amri ya kweli. Ujanja huu umeandikwa hadharani tangu 1998! Na dawa ipo, PHP (lugha ya programu ya kutengenezea saiti) ina PDO, njia yake ya kuongea na databesi, tangu 2005, unaweka alama ya kuuliza kwenye amri na neno la mteja linapelekwa pembeni kama data, liwe na ritifaa kumi halidhuru kitu. Kwenye databesi hiyo kuna namba za simu na mitaa ya wateja wangu, watu walioniamini mimi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Tume yake ipo, na nitakwenda huko, sitishi mtu.

Haya yote nimewaandikia kwa urefu, na picha, na ile SMS. Nataka warekebishe na wanirudishie 90,000 za miezi mitatu ambayo duka langu lilikuwa limefichwa. Jana saa nne asubuhi wakafunga tiketi yangu ya malalamiko, imeandikwa "limetatuliwa". Nimejaribu tena saivi naandika uzi huu, kwa simu sifuri, kwa kompyuta ukurasa mweupe. Kama na wewe una duka humo na bidhaa yako ina ng', tafuta 039 halafu weka skrinishoti hapa chini.