Historia ya njia panda ya Chalinze: nianzie wapi?

Swali: Wakuu, naandaa historia ya Chalinze kwa wanafunzi wa sekondari. Kwa nini mji ulikulia pale, mbali na reli?

Jibu 1: Mkuu, Reli ya Kati ilifika Morogoro 1907 ikipitia kusini, Ruvu na Ngerengere. Chalinze imeinuliwa na barabara: ya Dar–Morogoro inakutana na ya Segera, inayokwenda Tanga na Moshi. Malori yakisimama, mama lishe, gereji na gesti hufuata.

Jibu 2: Ukienda kwa wazee usiulize "mwaka gani?" Utapewa miaka ya kukisia. Uliza: kabla ya Azimio la Arusha (1967) au baada? Kabla ya Vita vya Kagera (1978–79)? Wahoji watatu, kila mmoja peke yake. Wakikaa pamoja, wengine humfuata aliyetangulia kusema, na kosa moja linageuka ushahidi wa watatu.

Jibu 3: Msata, iliyo kwenye barabara hiyo ya Segera kaskazini mwa Chalinze, usiiache! Lami ya Bagamoyo–Msata, kilomita 64, imeyapa mabasi ya Dar–Tanga njia isiyogusa Chalinze kabisa. Waulize wauza matunda wa stendi mauzo yalibadilikaje.