Naomba ushauri: picha zangu za Tingatinga zimekubaliwa kwenye maonyesho ya chuo

Habari zenu ndugu zangu. Nipo Minnesota, Marekani, nasoma chuo cha jamii cha miaka miwili. Picha zangu tatu zimekubaliwa kwenye maonyesho ya wanafunzi, katika ukumbi wa sanaa wa chuo. Nimefurahi mno, ila nimekwama.

Nimechora kama alivyoanza Edward Saidi Tingatinga pale Dar es Salaam mwaka 1968: hadibodi na rangi ya mafuta inayong'aa. Ile kubwa, ya chui, niliifunga kwa nailoni kabla haijakauka sawasawa. Nilipoifungua, nailoni ilikuwa imenasa mgongoni mwa chui na kuacha mikunjo, madoa mawili yamebanduka kabisa. Nisugue kwa msasa laini na kurudia hapo tu, au nipake upya ubao mzima? Naogopa mng'ao utatofautiana.

Pia wanataka kila picha iwe na waya wa kutundikia nyuma. Hadibodi ni nyembamba, skrubu itatokeza mbele. Mliowahi kuonyesha, mlibandika vipande vya mbao kwa gundi au mlitia fremu?

Tunatundika Ijumaa ijayo. Tafadhali nisaidieni mapema.