Hekalu la Tabo, bonde la Spiti: nipitie wapi mwezi Mei?

Wakuu, nataka kufika hekalu la Kibudha la Tabo, kaskazini mwa India, mwezi Mei. Nipite Manali au Shimla? Na picha ndani ruksa?

Jibu 1: Pita Shimla na wilaya ya Kinnaur. Njia ya Manali inavuka Kunzum, kipito cha mlimani kilicho zaidi ya mita 4,500 juu ya usawa wa bahari, na mara nyingi theluji huifunga hadi Juni. Tabo yenyewe iko karibu mita 3,280. Ukipanda haraka unaweza kuumwa kichwa na kutapika kwa sababu ya mwinuko, kwa hiyo lala Kinnaur kwanza. Mgeni asiye Mhindi achukue kibali cha kupita eneo hilo la mpakani huko Reckong Peo, mji wa Kinnaur. Beba pasipoti, viza na nakala zake.

Jibu 2: Picha ndani hapana. Hekalu ni la mwaka 996, kuta ni za udongo na michoro iko juu ya lipu ya udongo, hivyo begi la mgongoni likigusa tu, rangi inabanduka. Liache nje, tafadhali! Vua viatu, anzia kushoto. Ukumbini ni giza: tochi ndogo itakuonyesha sanamu za udongo zilizochomoza ukutani, juu ya kichwa chako.

Jibu 3: Rupia taslimu zitoe benki hukohuko Reckong Peo.